Kabla ya kusema "mzazi huyu hajui kulea", tuangalie hela inaingiaje nyumbani kwake

Mwalimu wa Awali (mwanzisha uzi)

Salaam wanajamvi.

Kila nikiingia jukwaa la malezi nakutana na mada ileile kwa vichwa tofauti: wazazi wa siku hizi hawajui kulea, wanawaachia watoto simu, wanawafokea, hawana muda nao. Mimi nafundisha darasa la awali katika shule ya serikali wilaya ya Temeke. Watoto wangu wana miaka mitano na sita. Wazazi wao wengi ni mama ntilie, wachuuzi wa mboga, vibarua wa ujenzi, madereva wa bodaboda, wapiga debe, na wachache wenye kazi za viwandani. Nimekaa nao, nimewasikiliza, na nimesoma yale niliyoweza kuyapata kuhusu suala hili. Mnivumilie, uzi ni mrefu.

Ninachotaka kusema ni hiki. Umaskini unamfikia mtoto mdogo kwa kupitia kwa mzazi wake. Na kinachommaliza mzazi, kuliko hata udogo wa kipato, ni kutojua kama kesho kitakuwepo.

Chukua baba kibarua. Leo kuna zege, anarudi na chochote mfukoni na mfuko wa mihogo mkononi. Kesho anakaa kijiweni mpaka saa nne asubuhi, hakuna aliyeita, anarudi mikono mitupu. Ukijumlisha mwezi mzima huenda akamkaribia mtu wa mshahara mdogo. Lakini mwenye mshahara anaijua tarehe. Anaweza kumwambia mtoto "viatu mwisho wa mwezi", mwisho wa mwezi ukafika na viatu vikaja. Huyu wa kibarua akimwahidi mwanawe, ahadi inategemea kama kuna mtu atamwaga zege Alhamisi. Mtoto wa miaka mitano habari ya zege haijui. Anachokijua ni kwamba neno la baba mara linatimia, mara halitimii, na kwamba baba aliyembeba mabegani jana, leo hataki hata kuulizwa.

Darasani hili naliona kabla sijaambiwa. Mtoto Jumanne anaimba, anagombania kushika chaki. Alhamisi ameinamia dawati, ukimgusa bega anashtuka. Mama yake akija kumchukua, mara nyingi maelezo yake yana neno marejesho ndani. Amekopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, aongeze mtaji wa genge. Anarejesha kila wiki, wengine kila siku. Siku ikifika hajatimiza, kikundi cha mkopo kinahamia kwake: wanakaa uani mpaka usiku, maneno yanatoka, na mwisho wanabeba godoro, runinga na mtungi wa gesi. Mtoto yupo pale anatazama mama yake akidhalilishwa. Kesho yake shuleni anaandikiwa kwamba hana umakini.

Msidhani ni mambo ya uswahilini kwetu tu. Miaka ya 1980 wakulima wa jimbo la Iowa, Marekani, walipata pigo kubwa. Walikuwa wamekopa kununua ardhi na mitambo, riba zikapanda, bei ya ardhi ikaporomoka, watu wakanyang'anywa mashamba waliyorithi kwa babu zao. Kuanzia 1989 watafiti Rand Conger na Glen Elder na wenzao walizifuatilia familia 451 za vijijini huko, familia zenye baba na mama chini ya paa moja. Waliona jambo likifuata jambo: madeni na bili zisizolipika vikamletea mzazi sonona na hasira, hasira ikaingia kwenye ndoa, na wazazi wanaogombana wakawa wakali kupita kiasi kwa watoto, au wakawaacha tu. Hapo ndipo mtoto alipoumia. Nyumba ambazo baba na mama waliendelea kushikamana na kuwa wapole katikati ya shida, watoto walisalimika zaidi. Watoto wale walikuwa wakubwa kidogo, darasa la saba, lakini tafiti zilizofuata kwa watoto wadogo zimeona njia hiyohiyo.

Kuna utafiti mwingine naupenda zaidi kwa sababu unamgusa mkulima. Ulichapishwa 2013. Wakulima 464 wa miwa huko Tamil Nadu, India, walipimwa uwezo wa kufikiri mara mbili: kabla ya mavuno wakiwa wamefulia, na baada ya mavuno wakiwa wamelipwa. Ni watu walewale. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwa tofauti kubwa. Kichwa kilichojaa hesabu za deni hakibakiwi na nafasi ya mambo mengine, na mambo mengine ni pamoja na mtoto anayekuvuta kanga akuonyeshe mchoro wake.

Ndiyo maana nakereka ninaposikia kwamba kina mama hawa wanahitaji "elimu ya malezi" basi. Elimu ni njema, siipingi. Serikali yetu ilizindua PJT-MMMAM, yaani Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, Desemba 2021, kwa watoto wa miaka 0 hadi 8, na ndani yake mna malezi yenye mwitikio: mtoto akinyoosha kidole nawe uangalie, akitoa sauti umjibu, akilia umfuate. Sasa mwangalie mama wa genge siku mboga zote zimetoka mapema. Anamwogesha mwanawe huku anamwimbia, anamtania, anamuuliza leo mwalimu amewafundisha nini. Hakuna semina aliyohudhuria kati ya siku ile na siku ya marejesho. Anajua kulea. Ila kuna siku anaachwa na nguvu za kulea, na kuna siku haachwi nazo.

Halafu kuna muda. Mwenye ajira rasmi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84, siku 100 akijifungua mapacha, na akirudi kazini ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kwenda kumnyonyesha mtoto. Baba anapata siku 3. Mama ntilie hana wa kumwomba likizo. Akikaa siku 84 ndani, mtaji unaliwa na nafasi yake pale kituoni inachukuliwa na mwingine. Kwa hiyo anarudi jikoni na kichanga mgongoni kando ya moto, au anamwacha kwa dada yake wa miaka tisa ambaye naye alitakiwa kuwa darasani.

Karibuni tujadili. Naomba tusitukanane, na wenye uzoefu wa nyumbani kwao wauseme.

---

Mzee wa Kitonga

Mwalimu, nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu. Lakini hii habari ya umaskini tunaifanya kichaka. Sisi tulizaliwa kumi, baba hakuwa na mshahara, viatu tumevaa tukiwa sekondari. Tulichapwa tukanyooka, na leo tuna familia zetu. Wazazi wetu hawakuwa na hela ila walikuwa na msimamo. Wazazi wa sasa wana simu janja, king'amuzi, na bado wanalalamika. Tatizo ni watu hawataki kuwajibika.

---

Mwalimu wa Awali

Shikamoo mzee wangu. Nakushukuru kwa kunisoma.

Niseme kwa heshima. Kijijini ulikokulia mlikuwa hamna hela, lakini chakula kilitoka shambani na kodi ya nyumba haikuwepo. Mama alipokwenda kulima, palikuwa na bibi, shangazi, mama mdogo, na jirani ambaye angekuchapa na kukulisha bila kuomba ruhusa. Mama wa chumba kimoja Mbagala ananunua kila kitu: maji kwa ndoo, mkaa kwa kopo, mafuta ya kula kwa kipimo, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Bibi yuko Mtwara. Jirani amehamia juzi na atahama kesho kutwa. Huyu anaweza kushika noti nyingi kuliko mama yako alizowahi kushika na bado mwanawe akawa na watu wachache wa kumtazama kuliko uliokuwa nao wewe.

La pili, wanaosimulia ni waliofika. Utafiti wa afya wa 1999 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 idadi ilikuwa imeshuka hadi 43. Katika familia ya watu kumi kama yenu, wakati ule, haikuwa ajabu mama kuwa amezika. Sisemi hivyo kukuumiza, mzee wangu. Nasema kwa sababu hawa waliotangulia hawamo kwenye hadithi tunazosimuliana kuhusu ugumu uliotunyoosha.

Na kuhusu fimbo: utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana wetu, wa kike na wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18. Kama fimbo ingekuwa inanyoosha, tungekuwa taifa lililonyooka kuliko yote. Mtoto ninayempokea asubuhi akiwa na alama mgongoni hajifunzi msimamo siku hiyo. Anajifunza kuusoma uso wa mtu mzima ili ajue pa kukimbilia.

---

Boda wa Tandika

Mwalimu umenigusa. Mimi naendesha pikipiki ya mtu, hesabu elfu kumi kila siku. Inyeshe, isinyeshe, ikiharibika, trafiki wakiikamata, bosi anataka hesabu yake. Kwanza natafuta ya bosi, pili mafuta, ikibaki ndiyo ya nyumbani. Kuna siku inabaki elfu mbili.

Watu wanaona baba anarudi usiku wa manane wanasema amekimbia majukumu. Niwaambie ukweli wa wengi wetu pale kijiweni. Siku hujapata, unangoja mpaka mtoto alale ndiyo uingie. Binti yangu ana miaka minne, akisikia pikipiki anatoka mbio kuangalia nimemletea nini. Sasa uingie saa moja na huna hata andazi? Bora akukose kuliko akuone huna. Hiyo ndiyo hesabu tunayopiga.

---

Mwalimu wa Awali

Kaka yangu, asante kwa kuisema hadharani. Naomba watu wasome maneno yako mara mbili, hasa wale wanaohesabu akina baba kwa waliohudhuria kikao cha shule.

Nikuambie kitu kutoka upande wa pili, upande wa watoto. Nikiwaambia wachore nyumbani kwao, wenye baba wa bodaboda huchora pikipiki, tena kubwa kuliko nyumba. Nikiuliza baba anafanya nini, wanasema "ananipakia". Andazi hawalichori. Binti yako anakimbilia mlio wa pikipiki kwa sababu umekuja wewe. Kilichomo mkononi ni nyongeza. Siku huna kitu, ingia saa moja hivyohivyo, mzungushe mara moja mpaka kwenye kona, umrudishe. Kwa umri wa miaka minne hiyo ni zawadi kamili.

---

Mkulima wa Makambako

Naomba niongeze la huku kwetu, maana uzi umekaa kimjini. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulionyesha udumavu kitaifa ni asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano. Iringa ilikuwa takribani 57, Njombe 50, Rukwa 50. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi. Mahindi, viazi, maharage, maziwa, parachichi, vyote vinatoka huku. Kama shida ni umaskini wa kipato, mbona mikoa yenye njaa ya kweli haiongozi?

Ninavyoona mimi: mama yuko shambani toka asubuhi mpaka jioni, mtoto anaachiwa uji mweupe au kiporo cha ugali ale akisikia njaa. Kuku anataga, mayai yanapelekwa mnadani. Maziwa yanachukuliwa na mnunuzi. Maharage yanasubiri bei. Pesa ya mavuno ikiingia inakaa kwa baba, na baba ana mipango yake. Kwa hiyo chakula kipo, na hela kwa msimu ipo, lakini mtoto hafikiwi.

---

Mwalimu wa Awali

Mkulima, huu ni mchango mzito na unanilazimu nipanue nilichosema. Nilisema tuangalie hela inaingiaje. Wewe umeonyesha kwamba lazima tuangalie pia inaingia mkononi mwa nani, na inamwachia nani muda.

Mtoto wa mwaka mmoja ana tumbo dogo. Hashibi kwa milo mitatu ya watu wazima; anahitaji kidogo kidogo mara nyingi, chenye maharage, mboga, yai, mafuta kidogo, na mtu wa kukaa naye ambembeleze kijiko kwa kijiko. Hiyo ni kazi ya saa nyingi. Kama shamba lote linategemea mgongo wa mama, saa hizo hazipo, hata ghala likijaa. Mama wa Makambako na mama wa Mbagala wanafanana hapo. Mmoja amebanwa na palizi, mwingine na marejesho.

Ningependa kusikia kutoka kwa wanaume wa nyanda za juu: ni nani aliyeanza kukubali kwamba mayai mangapi yanabaki nyumbani ni suala la kujadiliwa na mke kabla ya mnada? Nauliza kwa dhati.

---

Jakamoyo wa Siaya

Habari zenu ndugu zetu. Nawasoma kutoka Kenya. Huku kwetu Siaya kulifanyika jambo linalohusu mada hii. Kati ya 2014 na 2017, shirika la GiveDirectly liliyapa maboma maskini zaidi ya 10,500 kama dola 1,000 kila moja, ilikuwa karibu shilingi 87,000 za Kenya wakati huo. Hakukuwa na masharti yoyote. Watu walisema pesa itaishia kwa pombe na bibi (mke) wa pili.

Mwaka wa 2025 watafiti walitoa matokeo kuhusu watoto. Vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu pale ambapo pesa ilifika wakati mama anajifungua. Sababu walizopata ni mbili ambazo mwalimu amezitaja kwa njia yake. Ya kwanza, kina mama walifika hospitali, hasa walioishi karibu na kituo chenye daktari. Ya pili, walipunguza kazi ngumu miezi ya mwisho ya mimba na miezi ya kwanza baada ya kuzaa. Mama alipumzika. Hakuna dawa mpya iliyoletwa.

Huku mama mboga naye hana likizo ya uzazi, kwa hivyo nawaelewa kabisa.

---

Mwalimu wa Awali

Jakamoyo, ubarikiwe. "Mama alipumzika." Hilo jambo dogo namna hiyo limeokoa watoto, na kwenye mipango yetu mingi halimo kabisa.

---

Mlipa Kodi

Sawa. Kwa hiyo hitimisho ni wagawiwe hela? TASAF, huo Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ipo tangu 2000, mpango wa kunusuru kaya maskini una zaidi ya miaka kumi, na maskini bado wapo. Hela ya bure inazalisha watu wa kusubiri. Mimi nasema mafunzo ya ujasiriamali kwanza.

---

Mwalimu wa Awali

Ndugu Mlipa Kodi, swali lako ni halali na nitakujibu pande zote mbili, hata upande usionisaidia.

Upande unaonisaidia: North Carolina, Marekani, watafiti wakiongozwa na Jane Costello walikuwa wanafuatilia watoto 1,420. Utafiti ukiwa unaendelea, Wacherokee wa Mashariki, jamii ya wenyeji asilia wa Marekani, walifungua kasino kwenye ardhi yao na kuanza kugawa sehemu ya faida kwa kila mwanajamii, afanye kazi au asifanye. (Kasino kwangu si jambo la kusifia. Ninachotazama ni gawio lililofika nyumbani.) Matokeo yalichapishwa 2003. Watoto ambao familia zao zilitoka kwenye umaskini, ukorofi na uvunjaji wa taratibu ulishuka mpaka wakalingana na wale ambao hawakuwa maskini tangu mwanzo. Walipotafuta sababu, walikuta wazazi walikuwa wamepata nafasi ya kuwaangalia watoto wao. Lakini wasiwasi na huzuni za watoto hazikubadilika vile.

Upande usionisaidia: kuanzia 2018, kina mama 1,000 wenye kipato duni katika miji minne ya Marekani waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakipewa dola 333 kila mwezi, wengine 20, tangu mtoto alipozaliwa. Watoto walipofika miaka minne, makundi mawili hayakutofautiana katika lugha, tabia wala vipimo vikuu vingine. Wapo waliotangaza kwamba basi pesa haina kazi. Mimi sisomi hivyo. Dola 333 katika jiji la New York hazimtoi mama kazini, hazibadilishi kodi wala saa za kazi. Siaya zile 87,000 zilitosha kununua mapumziko. Pesa inayomfikia mtoto ni ile inayobadilisha siku ya mzazi. Isipotosha kufanya hivyo, inaingia kwenye shimo la bili na siku inabaki ileile.

Sasa TASAF. Ruzuku imekuwa ikilipwa kila baada ya miezi miwili, na sehemu yake ikiambatana na sharti la kumpeleka mtoto kliniki na shule. Kiasi ni kidogo. Lakini nina wazazi wachache darasani walio kwenye mpango, na wanachonisimulia zaidi si kiasi. Wanasema wanajua itakuja. Yupo mmoja anayenunua debe la mahindi na daftari kwa pamoja kila akilipwa, na hajawahi kuingia kausha damu. Kwangu mimi, kuhakikisha hela hiyo inafika siku ileile inayotarajiwa kuna uzito sawa na kuiongeza. Semina ya ujasiriamali kwa mama anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua ni kumfundisha samaki kuogelea.

---

Mama Pacha Mbezi

Naomba msiwasahau wenye ajira. Mimi na mume wangu tuna mishahara. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya foleni, narudi saa mbili usiku, pacha wamelala. Anayewalea ni dada. Watoto wangu wanakula vizuri, wanasoma shule ya kulipia, lakini ukiniuliza wanaogopa nini au wanapenda nani shuleni, nitampigia dada nimuulize. Je, hii nayo tuiite nini?

---

Mwalimu wa Awali

Mama Pacha, umeuliza kwa uchungu na ninauheshimu.

Kuna tofauti moja kubwa: wewe ukiamua Jumapili iwe ya pacha, Jumapili hiyo ipo na haitakugharimu chakula cha Jumatatu. Itumie yote. Lakini sikuhukumu, maana mji huu unakula muda wa kila mtu.

Ila ningependa tumtazame huyo dada. Wengi wa madada wa kazi ninaokutana nao wakileta watoto shuleni wametoka Singida, Dodoma, Iringa, Tanga vijijini, na baadhi ni kina mama. Mtoto wa dada yuko kijijini kwa bibi, anayetumiwa hela kwa simu mwezi ukiisha. Yaani mikono iliyotakiwa kumlea mtoto yule inawalea wa kwako, na kwako napo mikono ya mama iko ofisini. Mshahara wa dada, siku zake za mapumziko, ruhusa ya kumpigia mwanawe simu jioni, hayo yote ni malezi ya mtoto ambaye hujawahi kumwona. Na dada anayeishi kwa wasiwasi, anayecheleweshewa hela, analea pacha wako kwa wasiwasi huohuo. Njia ni ileile ya kule Iowa.

---

Mama Mwajuma

Mwalimu mimi sina makuu. Nauza mihogo na chai asubuhi, mtoto ana mwaka na miezi miwili. Nampeleka kwenye kituo cha mtaani, kwa mama mmoja anayewalea. Nikirudi nimechoka kabisa. Niambie ninachoweza kufanya kwa hali niliyonayo, na hicho kituo nitajuaje kama kizuri?

---

Mwalimu wa Awali

Mama Mwajuma, nakujibu kwa kina kwa sababu swali lako ndilo lenye maana kuliko mengine yote humu.

Kwanza kituo. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinatakiwa kisajiliwe, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako ndiyo ya kuuliza. Unaweza kuanzia kwa mtendaji wa mtaa. Lakini hata kabla ya karatasi, nenda siku moja saa ambayo hukutegemewa. Angalia wachanga ni wangapi kwa mlezi mmoja. Angalia kama wamekaa kimya kupita kawaida, maana watoto wa mwaka mmoja walio salama wana kelele. Angalia jiko na ndoo za maji viko wapi, mlango unafungwaje, choo kiko umbali gani. Muulize mlezi, "Leo wangu amecheka kwa sababu gani?" Anayewatazama watoto atakuwa na la kusema. Halafu na yeye umwangalie kama mtu: mlipe kwa wakati, kwa sababu naye ana marejesho yake.

Pili wewe na mtoto. Huhitaji kutenga saa. Unapomenya mihogo, mkalishe mbele yako umwambie unachofanya: huu mrefu, huu mfupi, hili ganda. Akisema "da", mrudishie "da, ee, ganda". Huko Kingston, Jamaika, miaka ya 1980, Sally Grantham-McGregor na wenzake walifuatilia watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kwa wiki kwa miaka miwili. Mhudumu anamwonyesha mama jinsi ya kucheza na mtoto kwa vitu vya kutengeneza wenyewe, makopo, vizibo, maboksi, vitambaa. Miaka ishirini baadaye waliotembelewa walikuwa wanapata kipato asilimia 25 zaidi ya wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa. Vifaa hivyo unavyo pale kwenye meza ya chai. Na ona: mhudumu alikwenda nyumbani kwa mama, hakumwita mama aache biashara aje ukumbini.

Tatu mtaji. Kabla ya kausha damu, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata uulize mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Haina riba: sehemu 4 ni za wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Inatolewa kwa vikundi, kwa hiyo tafuta wenzako unaowaamini na mjisajili. Ina mlolongo na itakuchosha, lakini hakuna atakayekuja kubeba godoro.

Nne, kadi ya kliniki usiiache hata kama mtoto ana afya. Mwaka na miezi miwili bado kuna kupimwa uzito na urefu, na chanjo nyingine ya surua inakuja akifika miezi 18.

Na ukiona mtoto wako au wa jirani anaumizwa, piga 116. Ni bure.

---

Boda wa Tandika

Mwalimu, hiyo mikopo ya asilimia 10, sisi vijana wa kijiweni tunaweza kuunda kikundi tukapata pikipiki zetu wenyewe? Maana hesabu ya bosi ndiyo inayotuua.

---

Mwalimu wa Awali

Ndiyo, mnaweza kuomba kupitia fungu la vijana, mradi mko kwenye umri unaokubalika. Andikeni katiba ya kikundi, fungueni akaunti, mpitie kwa mtendaji wa mtaa na afisa maendeleo wa kata. Mkikwama kwenye kuandika andiko, niandikieni faraghani humu. Nikishawaruhusu watoto mchana huwa nabaki shuleni, nitakaa nanyi tuliandike.